Kidonda Kisicho Fumbo: Wasiwasi, Ngozi na Tatizo la Usimulizi katika Riwaya ya John Green

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, maradhi ya akili yamezoea kupewa kazi isiyo yake. Mhusika anapougua akili, mwanafunzi hufundishwa kuuliza papo hapo ugonjwa huo unawakilisha nini. Kitaru wa Mashetani (1971), tamthilia ya Ebrahim Hussein, anaposhikwa na maradhi yasiyoeleweka baada ya mchezo wa shetani chini ya mbuyu, wahakiki wameona humo ukoloni na ukoloni mamboleo, na tamthilia yenyewe inawaruhusu kuona hivyo. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, amesomwa kama kielelezo cha msomi aliyekatiwa mizizi na elimu yake. Usomaji wa namna hii umezaa matunda mengi na haustahili kubezwa. Hata hivyo, una hasara moja isiyotajwa sana: ugonjwa unapogeuzwa jazanda kila unapojitokeza, mgonjwa hutoweka ukurasani. Anayeumwa huwa chombo cha kubebea maumivu ya taifa, ya tabaka au ya usasa, na maumivu yake mwenyewe hukosa mahali pa kukaa.

Makala haya yanaichunguza kazi moja inayoikataa desturi hiyo, na kuikataa kwa ukaidi. Turtles All the Way Down, riwaya ya Mmarekani John Green, ilichapishwa mwaka wa 2017. Mwandishi wake ameeleza hadharani kwamba anaishi na maradhi yale yale anayoyasawiri. Msimulizi na mhusika mkuu ni Aza Holmes, msichana wa miaka 16 katika mji wa Indianapolis, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiikandamiza kucha ya kidole gumba katika nyama ya ncha ya kidole cha kati mpaka ngozi ipasuke. Hukifunika kidonda kwa plasta, hukifunua, hukikamua, hukiosha, hukifunika tena. Dai la makala ni kwamba kidonda hiki si fumbo. Anayetafuta "maana" yake kabla ya kukitazama atakuwa ameisoma riwaya nyingine.

Kwanza inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Maradhi ya mawazo sumbufu na vitendo vya shuruti huanza na wazo lisilotakiwa ambalo humrudia mtu bila kualikwa: uchafu, dhambi, moto uliosahauliwa jikoni, ugonjwa uliokwisha kuingia mwilini. Wazo hilo huleta hofu, na hofu hutulizwa kwa kitendo: kunawa, kuhesabu, kukagua, kuomba radhi. Utulivu haudumu, na kitendo hurudiwa. Tabia ya shuruti ya kuchokonoa ngozi ni jirani wa maradhi hayo, lakini si mtu yule yule. Anayechokonoa ngozi mara nyingi hasukumwi na hofu yoyote inayotajika. Mkono hutangulia, akili hufuata. Kuna mvutano unaopanda, kisha nafuu, pengine hata raha fupi, na baadaye aibu na mikono mirefu ya shati siku ya joto. Chama cha wataalamu wa maradhi ya akili cha Marekani kiliipa tabia hii nafasi yake yenyewe katika mwongozo wake wa mwaka wa 2013, ndani ya kundi moja na maradhi ya shuruti lakini chini ya jina lake. Kabla ya hapo ilikuwa mikononi mwa madaktari wa ngozi. Mwaka wa 1898 daktari wa ngozi Mfaransa, Louis Brocq, aliuelezea uchokonoaji wa chunusi kama jambo la wasichana, na jina alilolitumia liliwabandika wasichana hao moja kwa moja juu ya ugonjwa. Mtu anayetaka kujua jinsi jina la kitabibu linavyoweza kubeba hukumu ya kijamii hahitaji mfano mwingine.

Aza yuko wapi kati ya makundi haya? Riwaya haijibu kwa neno moja, na kutojibu huko ni sehemu ya ukweli wake. Kitendo chake kilianza utotoni kama uthibitisho. Mama yake alimwambia kwamba mtu anayetaka kujua kama anaota hujifinya, naye akachagua kucha. Kabla hakijawa kidonda, basi, kilikuwa swali: je, mimi nipo? Baadaye hofu ya bakteria, hasa Clostridium difficile, ikaingia kupitia mlango ule ule alioufungua mwenyewe. Sasa ni lazima akifungue kidonda ili kuutoa uchafu ambao huenda umeingia kwa sababu alikifungua. Mduara umekamilika, na haukuhitaji shetani wala mkoloni kuukamilisha.

Doa na Kidonda

Msomaji wa fasihi akitajiwa mikono inayooshwa bila kukoma atamkumbuka Lady Macbeth, ambaye hadhira ya Kiswahili imemjua tangu tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth (1968). Ulinganisho huu umekuwa wa kawaida mno hata umegeuka kuwa kizuizi. Katika onyesho la kwanza la sehemu ya tano, malkia anatembea usingizini akisugua mikono kuondoa damu ambayo haipo tena. Daktari anayemtazama anakiri kwamba hali ile imepita uwezo wake, na kwamba mgonjwa anamhitaji kasisi kuliko tabibu. Daktari hajakosea. Damu ile ilikuwapo. Duncan aliuawa kweli, na mwanamke huyu alishiriki. Doa lake ni kumbukumbu.

Tofauti na Aza ni ya kimsingi. Aza hakumuua mtu. Hana siri inayongoja kufichuliwa na msuko, na hakuna sura ambapo msomaji atagundua kosa la kale lililozaa kidonda. Baba yake alikufa ghafla, na msomaji aliyezoea fomyula ataurukia msiba huo kwa furaha akidhani ufunguo umepatikana, lakini kucha ilikuwa imekwisha kuanza kazi yake. Isitoshe, Lady Macbeth analala, hajui anachofanya. Aza yuko macho. Anajua kwamba kidole hakijaambukizwa, anajua kwamba alikiosha muda mfupi uliopita, anajua kwamba ujuzi huo hautamsaidia. Hapa ndipo utesaji wa maradhi haya unapokaa, na hapa ndipo tamthilia ya Shakespeare, kwa ukuu wake wote, haina la kusema. Kumwita mgonjwa wa shuruti "Lady Macbeth", kama ilivyozoeleka hata katika mazungumzo ya wasomi, ni kumtuhumu kwa mauaji bila ya kesi.

Mfano ulio karibu zaidi unapatikana nje ya ubunifu. James Boswell, katika wasifu wa Samuel Johnson uliotoka mwaka wa 1791, anasimulia jinsi mwanakamusi huyo alivyokuwa na taratibu zake za kuvuka mlango kwa idadi maalumu ya hatua. Anaeleza pia kwamba Johnson alikata kucha mpaka kwenye nyama, akakwangua viungo vya vidole kwa kisu cha kuchongea kalamu hata vikawa vyekundu. Boswell anausingizia ukali wa damu yake. Wataalamu wa karne ya 20 wamependekeza majina mengine, mojawapo likiwa ugonjwa wa Tourette, na ni busara kutomtibu marehemu kwa kumsoma. Lililo muhimu kwa mhakiki ni jinsi Boswell anavyosimulia. Anaona vidole vyekundu, anaviandika, anapendekeza sababu ya kimwili kwa sentensi fupi, anaendelea. Havifanyi kuwa ishara ya roho ya Johnson wala ya karne yake. Uandishi huu wa kuona bila kufasiri ndio ambao Green anaufufua, isipokuwa kwamba yeye anausimamisha ndani ya kichwa cha mwenye vidole.

Nafsi, Kiambishi na Sauti ya Pili

Riwaya imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, lakini nafsi hiyo haiko peke yake. Kila ugonjwa unapozidi, sauti nyingine hujitokeza kwa herufi za mlazo na kumsemesha Aza kwa nafsi ya pili. Sauti hiyo humwambia afungue plasta na kukagua. Yeye hukataa, nayo hujibu. Mwanzoni ni majibizano mafupi. Kadiri riwaya inavyosonga, herufi za mlazo hunyakua ukurasa. Hospitalini, baada ya ajali ya gari, majibizano hayo yanafikia kilele, na Aza anainuka kitandani kwenda kunywa dawa ya kusafishia mikono. Anayeisoma sehemu hii kwa haraka atapotea, asijue nani anasema. Ni kusudi la mwandishi apotee.

Swali la kiisimu linalozuka hapa lina uzito kwa msomaji wa Kiswahili. Kiingereza humwezesha Green kucheza na kiwakilishi cha nafsi ya kwanza kinachosimama pweke, herufi moja wima, na Aza anahangaika mara kwa mara kama kuna chochote nyuma yake. Katika Kiswahili kiima hakisimami hivyo. Kimenasa kwenye kitenzi: ninaogopa, ninaona, ninachokonoa. Zaidi ya hayo, kitendo chenyewe kingehitaji kiambishi cha kujirejea, na kiambishi "-ji-" kina falsafa yake. Katika "anajipenda", "anajikuna", "anajiua", mtenda na mtendwa ni mmoja, wameshikana mikono katikati ya neno. "Aza anajichokonoa" ni sentensi sahihi kisarufi na ya uongo kitabibu, kwa kuwa inadokeza mtu mmoja mwenye nia moja. Aza hana nia moja. Ndiyo maana watu wanaoishi na tabia hii hukerwa na ushauri wa "acha tu", ushauri ambao umejengwa juu ya "-ji-" bila ya mshauri kufahamu.

Lakini lugha hiyo hiyo ina mlango mwingine. Kiswahili hupenda kukifanya kile kinachompata mtu kuwa mtenda, na mtu mwenyewe kuwa mtendwa: njaa inaniuma, usingizi umenichukua, hofu imenishika, wasiwasi umeniingia. Hapa nafsi imeondolewa kwenye kiima na kuwekwa katika nafasi ya yambwa, "-ni-", kitu kinachoshikwa. Kile ambacho Green amekihitajia aina mbili za herufi kukionyesha, sarufi ya Kiswahili inakifanya kwa kuhamisha silabi moja. Itakumbukwa, bila shaka, kwamba wingi wa matumizi umeyalainisha maneno haya. Anayesema usingizi umemchukua haoni kwamba ametekwa. Mtafsiri atakayeishughulikia riwaya hii atalazimika kuyanoa upya.

Atapata msaada mmoja wa ajabu. Kiambishi cha nafsi ya pili umoja ni "u-". Neno wasiwasi nalo huchukua upatanisho wa "u-". "Umeshinda tena" inaweza kuwa kauli ya Aza kwa sauti inayomsemesha, au kauli yake juu ya ugonjwa, au kauli ya sauti hiyo kumkejeli yeye. "Umo ndani" vilevile. Utata ambao riwaya inaujenga kwa kurasa nyingi umelala tayari katika herufi moja ya Kiswahili. Ni nadra kwa tafsiri kuahidiwa kitu ambacho matini asilia hayakuwa nacho.

Neno Wasiwasi

Neno lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo. Katika Kiswahili cha leo wasiwasi ni hali ya kawaida: mzazi ana wasiwasi juu ya mtihani wa mwanawe, abiria ana wasiwasi juu ya dereva. Asili yake ya Kiarabu ni nzito zaidi. Ni mnong'ono, wazo linalopulizwa moyoni na mwingine, kama linavyotajwa katika sura ya mwisho ya Kurani. Katika matumizi ya Waislamu wa pwani maana hiyo haijafa; mtu anayerudia udhu mara tatu na nne kwa kushuku kwamba maji hayakufika kiwikoni, au anayerudia kutia nia ya sala hata jamaa wamerukuu, husemwa kuwa ana wasiwasi, na hapo haimaanishwi kwamba ana hofu ya jambo fulani. Wanazuoni waliijua hali hii kwa undani. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka wa 1201, aliwazungumzia watu wa aina hiyo katika Talbis Iblis, na Ibn Qudama, aliyefariki mwaka wa 1223, aliandika risala nzima kuhusu wenye wasiwasi. Mapema zaidi, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934, alikuwa ameyajadili mawazo sumbufu katika kitabu cha afya ya mwili na nafsi kwa pamoja.

Kanuni ya kifikihi kwamba yakini haiondolewi na shaka ilitumika kumwambia mtu wa aina hii asirudie: umekwisha tawadha, endelea, na shaka iache ibaki shaka. Si mbali na tiba ya siku hizi, ambayo humfundisha mgonjwa kukaa na hofu bila kuitekelezea kitendo. Tofauti ni kubwa katika maelezo ya chanzo, ndogo katika maelekezo kwa mkono. Jambo la kusisitizwa ni kwamba Kiswahili hakihitaji kukopa msamiati wa kuyataja maradhi haya kutoka katika miongozo ya Marekani kana kwamba hayakuwahi kuonekana Lamu au Mombasa. Kilichopotea ni ukali wa neno. Wakati huo huo, kuchokonoa ngozi hakukubahatika kupata neno kama hilo. Kumeachwa katika orodha ya tabia mbaya pamoja na kutafuna kucha, na mtoto hupigwa kofi mkononi.

Maneno ya Daisy

Sifa kubwa ya riwaya, na ambayo huenda ikawashangaza wanaotarajia huruma tupu, ni kwamba haimpi Aza msamaha. Rafiki yake Daisy Ramirez anatoka katika familia isiyo na uwezo. Anafanya kazi Chuck E. Cheese baada ya masomo, hali Aza ana gari lake na mama mwalimu. Daisy huandika hadithi za mashabiki zinazotokana na Star Wars, na siku moja Aza anazisoma kwa makini na kukutana humo na mhusika Ayala, mwoga, mchoshi, anayeharibu kila jambo. Ni yeye. Ugomvi unaofuata, garini, unaishia katika ajali. Katika ugomvi huo Daisy anasema mambo ambayo hakuna daktari aliyeyasema: kwamba kwa miaka yote Aza hajawahi kuuliza juu ya nyumbani kwake, kwamba kuwa naye ni kazi, kwamba ugonjwa wake umekuwa hali ya hewa ambayo wengine wote wanaishi chini yake.

Je, Daisy ana haki? Riwaya inamwacha awe na haki bila kumfanya Aza awe na hatia, na usawa huo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Mwandishi dhaifu angemwadhibu mmoja wao. Green anaonyesha kwamba maradhi ya mawazo yanayomzunguka mgonjwa humnyima mgonjwa nafasi ya kuwaza juu ya wengine, na kwamba kunyimwa huko kunawaumiza wengine kweli. Suala la tabaka linaongeza uzito. Ni nani mwenye fursa ya kwenda kwa Dkt. Karen Singh na kusema juu ya kidole chake? Aza anaye daktari. Daisy ana zamu ya kazi. Mhakiki wa mrengo wa kijamii atapata hapa mengi zaidi kuliko katika kuligeuza jeraha kuwa jazanda ya ubepari.

Kwingineko riwaya inayumba. Msuko wa bilionea Russell Pickett aliyetoroka, na zawadi ya dola 100,000 kwa atakayetoa habari zake, ni ngazi iliyoegemezwa ukutani ili vijana wapate pa kukutana. Mwanawe Davis anaandika na kunukuu mno, na wakati mwingine vijana hawa huongea kama wajumbe wa kongamano la falsafa. Mtambaazi adimu atakayeirithi mali ya bilionea ni mzaha mzuri uliorefushwa. Lakini busu la Davis na Aza linaokoa sehemu hii. Badala ya mapenzi, kichwa cha Aza kinajaa hesabu ya mamilioni ya vijidudu vinavyohama kutoka kinywa hadi kinywa. Katika riwaya nyingi za vijana kizuizi cha mapenzi ni mzazi au mpinzani. Hapa ni mate.

Inafaa kuilinganisha kazi hii, kwa ufupi, na kumbukumbu za mwanahabari wa sayansi Mwingereza David Adam, The Man Who Couldn't Stop (2014), anayesimulia miaka yake ya hofu isiyo na msingi ya kuambukizwa UKIMWI. Adam anafungua kitabu kwa kisa cha msichana wa shule wa Ethiopia aliyekula ukuta wa udongo wa nyumba yao, kwa sababu kuula ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuacha kuufikiria. Kisa kinathibitisha kwamba maradhi haya hayachagui bara. Hata hivyo haikosi kuonekana kwamba Mwafrika amewekwa mlangoni kama kioja, kisha Mwingereza akapewa kitabu kizima cha kujieleza. Msichana yule hasemi. Anayetaka kujua ukuta ule ulikuwa na ladha gani, au mama yake aliitaje hali ile kwa lugha yao, hatajibiwa humo.

Filamu ya Turtles All the Way Down, iliyoongozwa na Hannah Marks, ilitoka mwaka wa 2024. Kamera inaweza kukionyesha kidole, na inakionyesha. Katika riwaya msomaji huko ndani, akikingoja kama Aza anavyokingoja. Tofauti hiyo inaonekana zaidi katika sura ya mwisho. Hapo msimulizi anaruka mbele ya wakati wake. Anajua kwamba atakua, atapenda, ataugua tena, atalazwa tena, na kwamba daktari mmoja siku zijazo atamwambia aandike jinsi alivyofika hapo. Msomaji anagundua kwamba maandishi hayo ndiyo aliyokuwa akiyasoma tangu ukurasa wa kwanza: yameandikwa na mtu mzima ambaye hajapona. Sauti ya nafsi ya pili inarudi katika kurasa hizo, safari hii katika herufi za kawaida, nayo haimwamuru chochote. Inamsimulia. Kuhusu ncha ya kidole cha kati, riwaya haisemi kwamba imefunga.